Umechukuliwa kwa nafasi ya wasichana? Nenda, mdogo wangu

Matokeo ya form six yakitoka tu huku Kigoma inaanza ile stori ya kila mwaka, ukienda Mwanga utaisikia, ukipanda daladala ya Ujiji utaikuta: wanawake wanabebwa. Alafu mabinti wananijia inbox, "shikamoo dada, nikiingia kwa programu ya wasichana wa sayansi si wataniona kilaza?"

Mi niliingia hivyo hivyo. Nilisoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) shule ya serikali huku huku mkoani, pointi zikapungua kidogo kwa kozi niliyoitaka, chuo kikawa na pre-entri ya wasichana. Unakaa darasani wiki kadhaa unapigwa hesabu na fizikia, mwisho mtihani, ukifaulu unaingia, ukifeli unarudi kwenu. Na ukishaingia sapu (mitihani ya kurudia) ni zile zile na kudisko, yaani kufukuzwa kwa kufeli, utadisko tu kama wenzako, hakuna GPA ya wasichana.

Wanaobisha wengi hawajawahi kuingia lab ya shule zetu. Bureti (ile mirija ya kudondoshea kemikali tone kwa tone) zilikuwa chache na nyingine koki inavuja, basi tunalizunguka stendi moja kundi zima, mmoja anafungua koki, mwingine anasoma namba, sisi wa nyuma tunachungulia begani kwa mwenzetu tunanakili. Siku ya praktiko ya NECTA, mtihani wa taifa, ndo unaishika mwenyewe, mkono unatetemeka, tone moja limezidi rangi ishapitiliza, unaanza upya na muda unakwenda. Karatasi hiyo inasahihishwa sawa na ya mtoto aliyekuwa na bureti yake peke yake miaka miwili, alafu mnaniambia pointi zetu zinapima akili?

Na kuwainua wanawake sio mambo ya juzi. Baada ya Azimio la Musoma 1974 ilikuwa lazima ufanye kazi kwanza ndo uende chuo kikuu, wanawake wakapungua, 1976 serikali ikawaondolea sharti hilo. Uganda nao, chuo cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 mwaka 1990.

Ila kuna sehemu nakubaliana na wakaka. Binti wa shule ya kulipia Dar, mwenye tuisheni na lab ya maana, anapata msaada ule ule wa binti wa Buhigwe huku Kigoma, na kijana wa kiume wa Buhigwe aliyechungulia bureti ile ile hapati kitu. Hapo hapako sawa, nasema wazi. Marekani wamebishana hivi hivi kuhusu rangi mpaka Mahakama ya Juu yao 2023 ikazuia vyuo kuangalia rangi ya mtu kwenye udahili, kesi ya Harvard na University of North Carolina. Lakini Texas walishatunga sheria yao tangu 1997, ukiwa kwenye asilimia 10 ya juu ya shule yako unapata nafasi chuo cha jimbo, haijalishi shule yenyewe ni ya wapi (chuo chao cha Austin baadae walibana hiyo asilimia, wanafunzi walizidi). Mi ningependa tuijaribu hapa, kinara wa shule ya kata Kakonko apimwe na waliokaa naye darasani.

Sasa we uliyepata, nenda. Wiki ya kwanza tafuta wa mwaka wa pili wa kozi yako, chukua past pepa, na muombe fundi wa lab akuruhusu uwahi kabla ya wenzio, wengi hawakatai. Lekchara mmoja alituambia wa pre-entri tunyooshe mikono darasa zima lituone, nilinyoosha, nikashusha, nikaendelea kuandika noti. Ukiulizwa jibu kwa kifupi, usitoe maelezo kama upo polisi. Ukizidiwa sema mapema, usisubiri sapu tatu.

Na mkopo usiuchezee, bila bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) utateseka. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kama umefiwa na mzazi, kihakikiwe RITA, wale wa vizazi na vifo, mapema. Kama kaya yenu ipo TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini, uliza namba nyumbani sasa hivi kabla bibi hajasafiri. Wakaka haya nayo yanawahusu, Bodi ya Mikopo inaangalia uhitaji, haiangalii jinsia, na kila mwaka naona vijana wa Kasulu wanakosa kwa sababu ya cheti tu huku wanashinda kijiweni kubishana habari za wasichana.