Kabla mkeo hajasaini

Mwanangu,

Umeniuliza kwenye barua yako, kwa kuwa nilifundisha Kiingereza, hicho kitenzi mortgage ulichokikuta kwenye karatasi za benki za nyumba yenu kimetoka wapi. Kimetoka kwenye Kifaransa cha kale: mort ni iliyokufa, gage ni dhamana. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na lugha yao, nayo ikaja kutawala mahakamani. Jaji Littleton wa karne ya 15 alieleza hivi: mkopaji asipolipa, ardhi imekufa kwake, akilipa, dhamana imekufa kwa aliyemkopesha. Kwetu ni kuweka rehani, basi.

Ila mimi neno hilo nililijulia benki, mwaka ule baba yako alipotaka kununua Fuso. Kijana wa mikopo alinisogezea karatasi, kidole kwenye mstari: "Saini hapa mama, na hapa." Nikamuuliza mortgage ni nini. "Ni mkopo tu, mama." Mkopo tu! Nyumba ya Kihonda, ambayo hata wewe uliimwagilia maji kuta zake! Nikaweka kalamu mezani. Baba yako alinyamaza mpaka nyumbani, kisha mbele ya baba zako wadogo akasema nimepeleka ualimu benki. Marehemu nilishamsamehe, lakini kauli ile bado inaniuma.

Mtu asisaini asichosomewa akakielewa. Mmeyasikia hayo tangu wadogo, na nitayarudia. Waingereza wenyewe, mwaka 1362, walitunga sheria kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuelewa Kifaransa kilichowahukumu. Mahakama zetu nazo zimepewa Kiswahili kwa sheria ya 2021. Karatasi zako je?

Tuliporudi benki, dada mmoja alinisomea kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili, nikasaini. Na haki isemwe: Fuso lile ndilo lililokusomesha, na hati tukarudishiwa. Basi rehani ina ubaya gani? Lakini jirani yetu wa nyuma naye alisaini, na dalali akaja na kipaza sauti mchana kweupe, watoto wakiwa barazani.

Nyumba ni yenu, siwaamulii. Nina neno mdomoni, nalimeza kwa shida. Ila Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya ndoa, nawe barua nzima hukumtaja mkeo. Amesomewa? Mwambie anipigie kabla ya Jumatatu.

Mama yako