Dereva amepakiwa au imepakiwa?

SWALI: Ninasomea uhandisi wa kompyuta hapa Kampala. Mimi na wenzangu tunaandika dereva, yaani programu ya kuiendesha kadi, wa kadi ya Etheneti (ile inayounganisha kompyuta na mtandao kwa waya) kwa ajili ya mfumo endeshi wa Linux, na maelezo yake tumeamua kuyaandika kwa Kiswahili. Niliandika hivi: "Dereva mpya amepakiwa kwenye kaneli lakini haoni waya." Kaneli ni "kernel" ya Kiingereza, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi. Mwenzetu aliyekulia Arusha akasema nimeigeuza programu kuwa mtu. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza nimefurahi sana kwamba kazi hiyo mmeamua kuiandika kwa Kiswahili. Mwenzako amesema kweli, na kosa lenyewe linaeleweka, hasa kwa aliyelelewa katika Kiganda. Kiganda hufuata umbo la neno: embwa erya, kama vile ente erya. Kiswahili huuliza kwanza kama kitu kina uhai, ndiyo maana mbwa na ng'ombe, ambao kwa umbo wangekaa na nyumba na nguo, tunasema wanakula. Dereva wa teksi pale Old Taxi Park amefika, madereva wamegoma. Programu haina uhai, basi neno hilohilo linahamia ngeli ya I-ZI: dereva ya kadi imepakiwa, dereva mbili zimepakiwa.

Hili si jambo geni. Sikiliza neno spika. Spika wa Bunge ameahirisha kikao, lakini spika ya redio imeharibika. Neno ni moja, asili ni moja, na hakuna msikilizaji anayechanganyikiwa, kwa sababu upatanisho umeshamwambia ni yupi na ni ipi.

Hata hivyo, katika maandishi mimi ningechagua kiendeshi. Limetoka kwenye endesha, shina lilelile la mfumo endeshi, na ki- yake inatangaza mapema kwamba hiki ni chombo. Angalizo moja: wengine huliita kiendeshi pia kile kifaa cha kusomea diski, kwa hiyo taja kila mara ni kiendeshi cha nini. Mkiwa mnazungumza mezani, dereva inatosha.

Lililonishtua zaidi ni kaneli. Hapa Uganda, ambako wengi Kiswahili walikisikia kwanza kwa askari, mtu akisikia kaneli atamfikiria kanali, mwenye cheo chake jeshini. Na neno la kufaa tunalo: kiini. Yai lina kiini, kokwa ina kiini, na Waingereza wenyewe neno lao kernel walilitoa kwenye moyo wa kokwa. Linux yenyewe, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991, kwa maana yake halisi ni kiini. Mengine yote yamejengwa kukizunguka.

Limebaki "haoni waya". Hapa lugha inataka tuitazame mashine kwa karibu. Chomeka waya kwenye tundu la kadi, upande wa pili ukiwa umewashwa, na taa ndogo pembeni ya tundu huwaka. Anayeona waya hapo ni kadi. Fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, ikiingia, ikiwa na data isiyozidi baiti 1500 kwa kawaida, kadi huiweka kwenye kumbukumbu na kukikatiza kichakataji, ubongo wa kompyuta, kazi yake. Ndipo kiendeshi huichukua na kuikabidhi kwa kiini. Habari za waya nazo hupita njia hiyohiyo: kadi inahisi, kiendeshi kinasoma na kupeleka taarifa. Kwa hiyo ukisema kiendeshi hakioni waya, fundi atakayesoma maelezo yenu ataanza kutafuta hitilafu kwenye programu, ilhali pengine waya umelegea tu.

Ningeandika hivi: "Kiendeshi kipya cha kadi ya Etheneti kimepakiwa kwenye kiini, lakini kadi inaripoti kwamba hakuna waya." Na mkifunga kadi za aina mbili, viendeshi viwili vimepakiwa.