Amesoma, hajajibu: kabla hujamhukumu

Sijaona alama ndogo iliyowagombanisha watu wanaopendana kama tiki mbili za bluu. WhatsApp ilizileta Novemba 2014. Kabla ya hapo tiki mbili za kijivu zilikuambia ujumbe umefika kwenye simu ya mwenzako, basi. Ameufungua saa ngapi, hiyo ilikuwa siri yake. Waliotumia simu za BlackBerry walikuwa wameshaonja jambo hili mapema kwa herufi D (umefika) na R (umesomwa), na wenye iPhone walianza kuliona kwenye iMessage mwaka 2011. Lakini ni bluu ya WhatsApp iliyowafikia watu wengi kwa mkupuo, na tangu hapo kila mtu ana kisa chake cha kukaushiwa.

Watu huniletea visa hivyo, hasa wadogo zangu na rafiki zangu, nami nimejifunza kuanza na swali moja: unajua nini hasa? Maana tiki inajua machache sana. Bluu inasema mazungumzo yenu yamefunguliwa kwenye skrini. Haisemi nani kafungua, wala kama aliyefungua amemaliza kusoma, wala alikuwa katika hali gani. Yawezekana mtoto ndiye aliyeshika simu. Yawezekana mazungumzo yenu yalikuwa bado wazi, ujumbe ukaingia, ukahesabiwa umesomwa, huku mwenyewe ameinua macho anaongea na mtu mwingine.

Kijivu nacho hakithibitishi kitu. Mtu anaweza kuusoma ujumbe mzima kwenye arifa inayotokea juu ya skrini bila kufungua programu, na kwako ikabaki kijivu. Au amezima taarifa za kusomwa na amekwisha kuusoma zamani. Tiki moja ndiyo inayowatia watu wasiwasi zaidi, wanakimbilia kusema "ameniblok", wakati sababu ya kawaida kabisa ni simu iliyozimika, data iliyokwisha au mtandao uliokatika. Halafu kuna wanaohamia Telegram wakibeba tafsiri za WhatsApp: kule tiki moja maana yake ujumbe umefika kwenye mitambo ya Telegram, na tiki mbili maana yake umesomwa. Tiki moja ya kule haikuambii kama simu ya mwenzako imewaka au imezimwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Ukiniletea kichekesho, nitakujibu papo hapo. Ukiniuliza kikao ni saa ngapi, nitakujibu nikiwa natembea. Lakini ukiniandikia kwamba ndoa yako imefika mwisho, au majibu ya daktari si mazuri, nitasoma, nitaweka simu chini, na saa zitapita. Nitarudi kusoma tena. Nitaanza kuandika, nitafuta. Si kwamba sijali. Neno jepesi kwa jambo zito naliona kama tusi, na neno zito halipatikani haraka.

Nimewauliza watu wa karibu yangu, na wengi wananiambia wako hivyohivyo. Tazama basi madhara yake: aliyeandika jambo zito ndiye anayesubiri kwa moyo wa juujuu kuliko wote, na ndiye anayechelewa kujibiwa kuliko wote. Anaziona tiki za bluu na kusema, "Nimemfungulia moyo, amenyamaza." Ukimya wa heshima unamfikia kama ukimya wa dharau, na simu haina namna ya kumwonyesha tofauti.

Dawa yake ni sentensi mbili, na ninakusihi uzizoee. Siku hizi nikipokea ujumbe wa namna hiyo naandika hapohapo: "Dada, nimeusoma wote. Nataka kukujibu kwa utulivu, nitakuandikia jioni." Basi. Jibu lenyewe halijapatikana, lakini mtu hayuko peke yake gizani. Ila ukisema jioni, iwe jioni. Ahadi ya namna hii ikivunjwa inauma kuliko ukimya wa kwanza.

Na wewe uliyetuma, kama ulichoandika ni kizito, mwambie mwenzako unachotaka kwake. "Sihitaji ushauri, nilitaka tu ujue." Au: "Naomba unipigie ukipata nafasi." Nusu ya kuchelewa kwetu hutokana na kutojua tunaombwa nini.

Kuna lalamiko moja nalisikia kila mara: "Hajanijibu, lakini statasi ameweka." Naelewa linavyochoma. Hata hivyo kuweka statasi hakumdai mtu chochote, anabonyeza, anaondoka. Kukujibu wewe kunamtaka awepo, afikiri, na awe tayari kwa swali litakalofuata. Mtu aliyechoka hufanya la kwanza akashindwa la pili. Usilichukue kama ushahidi.

Tuwe wakweli pia kuhusu ujumbe tunaotuma. "Mambo." "Upo?" "Naomba tuongee." Halafu kimya. Wa mwisho huo ni mkatili, kwa kweli. Unamwacha mtu akihangaika mchana kutwa akijiuliza amekosa nini. Sema jambo lako lote kwa mkupuo mmoja, na kama lina muda, utaje: "Nahitaji jibu kabla ya Alhamisi saa sita." La dharura usiliandike, piga simu. Akishindwa kupokea, ndipo uandike ni dharura gani.

Upande wa faragha, ushauri wangu ni mfupi: kama tiki zinakunyima usingizi, zizime, wala huna haja ya kumwomba mtu radhi. Kwenye WhatsApp zipo ndani ya mipangilio ya faragha. Jua tu kwamba ukizificha zako hutaziona za wenzako, na Signal hufuata utaratibu huohuo. Mimi naona ni haki, na kwa kweli hiyo ndiyo faida kubwa zaidi: unaacha kuchungulia. Kwenye iMessage unaweza kuamua kwa kila mtu peke yake. Lakini usidhani umejificha kabisa. Kwenye magrupu ya WhatsApp taarifa za kusomwa huendelea kutumwa hata ukizima, na aliyetuma akigusa maelezo ya ujumbe wake anaona nani na nani wamesoma. Ujumbe wa sauti nao, ukiusikiliza, kipaza sauti kidogo kinageuka bluu kwa aliyeutuma. Muda wa mwisho kuonekana una mpangilio wake mwingine, na tangu 2022 unaweza kuficha hata lile neno "mtandaoni". Ile mbinu ya kuzima mtandao, kusoma, kisha kuwasha, haifai kitu: ukirudi mtandaoni taarifa inakwenda.

Hapa niseme jambo kwa uzito. Mwenzi akikuuliza mbona umechelewa kujibu, hilo ni swali la kawaida kati ya watu wawili. Lakini akikuamuru uwashe tiki, akidai kila dakika uliyoonekana mtandaoni uielezee ulikuwa ukiongea na nani, akipiga picha ya skrini yako kama ushahidi, hayo si mapenzi yaliyozidi. Ni kuchungwa. Mweleze mtu unayemwamini mapema, wala usingoje yafike kwenye kushikiwa simu yenyewe.

Kazini hali ni nyingine, kwa sababu aliyetuma ana nguvu juu ya mkate wako. Bosi anayeandika kwenye grupu saa nne usiku anaweza kujiambia kwamba hadai jibu, ila wote waliosoma wanajua majina yao yanaonekana. Ufaransa iliona tatizo hili ikaweka kwenye sheria, kuanzia Januari 2017, kwamba kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao juu ya haki ya kutopatikana baada ya kazi. Australia ilifuata Agosti 2024. Kama mahali ulipo hakuna sheria ya namna hiyo, ombeni makubaliano: jambo gani ni la dharura, linakuja kwa njia gani, na ni nani wa zamu. Kama bosi ni wewe, andika usiku ukitaka lakini tuma asubuhi.

Linabaki swali ninaloulizwa mwishoni kila mara: ningoje mpaka lini? Kwa jambo la kawaida, mimi hungoja siku mbili tatu, kisha naandika mara moja tu, bila lawama na bila kutaja tiki. "Kaka, nakukumbusha lile la Jumamosi, bado nakusubiri." Usiandike "naona umesoma". Maneno hayo humgeuza mwenzako mshtakiwa, na mshtakiwa huja na utetezi badala ya jibu. Ikiwa umekumbusha na kimya kimeendelea wiki kadhaa, kwa mtu ambaye zamani hakuwa hivyo, acha kuandika. Mpigie, na ukianza usiulize kuhusu ujumbe. Muulize hali yake.