Maswali Yenu: Anayetafuta Ni Nani?

SWALI: Shikamoo Mama. Kwa muda sasa nafuata mafundisho ya Kihindu ya Advaita (maana yake "pasipo uwili"), yale yasemayo kwamba mimi si mwili wala akili, bali ni ufahamu unaoshuhudia yote. Jioni moja nikiwa nimekaa kimya, ghafla hapakuwa na "mimi" hapa na "dunia" pale. Vyote vilikuwa kimoja, na amani ile sijawahi kuionja. Ikakaa kitambo, ikaondoka. Tangu hapo nakaa kila siku kuisubiri, naambulia kelele za kichwa tu. Je, nafsi yangu ya kweli imeniacha? Nifanyeje irudi? – *Aliyekwama*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na jambo litakalokuudhi kidogo: kilichoondoka jioni ile hakikuwa nafsi yako ya kweli. Kilikuja, kikakaa, kikaenda zake. Chenye kufika na kuondoka ni tukio, hata kiwe kitamu namna gani, na wewe ulikuwepo kabla yake, wakati wake na baada yake. Nani aliyekijua kilipokuwepo, na nani leo anayejua kwamba hakipo? Huyo hakwenda popote. Angekwenda, usingeweza kuniandikia kulalamika.

Mandukya, iliyo fupi kuliko Upanishad zote kuu (maandiko ya kale ya Kihindu ambayo Advaita inayategemea), aya 12 tu, inamchambua mtu kwa hali tatu: akiwa macho, akiota, na akiwa katika usingizi mzito usio na ndoto. Kisha inataja ya nne, turiya. Wengi wakifika hapo hudhani turiya ni daraja la juu la kupandwa kwa bidii baada ya zile tatu. Gaudapada, mwalimu wa kale wa Advaita, hakuisoma hivyo, wala Shankara aliyemfuata, anayekadiriwa kuishi karne ya 8. Kwao, ya nne ndiyo iliyomo katika zote tatu, haiongezeki ukiamka wala haipungui ukilala. Kwa hiyo kelele unazozilalamikia zinajulikana kwa ufahamu uleule ulioijua ile amani. Unachokikosa ni utulivu. Nao ni kitu kizuri, siudharau, ila usiupe cheo kisicho chake.

Mimi nina goti la kushoto lisilopenda kukunjwa. Nikikaa asubuhi linaanza kuwaka hata pumzi haijatulia. Huwa naliacha liwake, nalichunguza. Maumivu yana mahali, yana makali, yanapanda na kushuka. Je, kule kuyajua nako kunauma? Kuna mahali pake? Kila nikitazama nakuta kinachouma ni kile kinachojulikana. (Goti lenyewe nimelipeleka kwa daktari wa mifupa. Ufahamu hautibu gegedu, na mwalimu akikuambia unatibu, mwangalie vizuri.)

Hapo watu wengi hufunga kitabu wakasema wamemaliza, na hapo ndipo pana mtego ninaoukuta katika barua nyingi kuliko mwingine wowote. Mtu akishajifunza kusema "mimi ni shahidi tu", hujitengenezea kijimtu kipya nyuma ya macho, kimejitenga, kinayatazama maisha yakipita. Sasa kuna shahidi upande huu na vishuhudiwa upande ule. Ukihesabu ni wawili! Uwili ulifukuzwa mlangoni, ukarudi kwa dirishani, tena umejitakasa.

Kutenga kuna kazi yake. Mwenye hekima Yajnavalkya, katika Upanishad ya Brihadaranyaka, anakataa kila kinachoweza kushikwa: si hiki, si hiki. Lakini mafundisho hayaishii kwenye kukataa. Katika Upanishad ya Chandogya, Uddalaka anamwambia mwanawe Shvetaketu, tena anarudia mara tisa, kwamba kile kiini kilichomo katika vyote ndicho yeye. Mtoto yule alikuwa amerudi kutoka masomoni amejaa majivuno ya kuhitimu, na baba hakumwongezea elimu nyingine ya kubeba. Alimgeuza amtazame yule aliyejifunza. Nawe ukishamtenga shahidi, usimjengee nyumba. Jaribu kwa sikio: sauti yoyote ikija, tafuta inapoishia sauti na kunapoanzia kusikia. Usinipe jibu la maneno, maana la maneno tunalo sote. Tafuta mpaka uone kama mpaka huo upo au unaambiwa tu kwamba upo.

Kwa kazi ya kila siku, mimi napenda njia ya Ramana Maharshi, mwalimu wa India, kwa sababu haina mapambo. Alizaliwa mwaka 1879, na akiwa kijana wa miaka 16 huko Madurai, mwaka 1896, alishikwa ghafla na hofu ya kifo. Hakuita mtu. Alijilaza, akaukaza mwili kama maiti, akabana pumzi, akajiuliza: mwili huu ukifa, kinachosema "mimi" nacho kinakufa? Muda si mrefu akaondoka nyumbani kwenda Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1950. Alichowafundisha waliomfuata ni kifupi. Wazo likija, uliza limemjia nani. Limenijia mimi. Na huyu mimi ni nani? Akaonya kwamba swali hilo si wimbo wa kurudiwarudiwa kama uradi. Ni la kukurudisha pale "mimi" inapochipukia, nawe ukae hapo. Wazo jingine likikuchukua, unauliza tena, bila kujikaripia.

Walimu wa Advaita wana kisa cha watu kumi waliovuka mto. Walipofika ng'ambo wakahesabiana kuona kama kuna aliyezama. Kila aliyehesabu alipata tisa, wakaanza kumlilia wa kumi. Mpita njia akamwambia mmoja wao: wa kumi ni wewe. Angalia hapo, mwanangu, hakuna aliyeletwa kutoka majini. Wewe sasa hivi umekaa kando ya mto unaomboleza, tena umeipanga ratiba ya kuomboleza kila siku. Endelea kukaa kimya, ila uache kuisubiri ile jioni.

SWALI: Mama, mume wangu ameingia katika mambo haya ya "hakuna nafsi, yote ni moja". Nikimwambia amenikosea, ananijibu kwa sauti ya upole: "Hakuna aliyekosa wala aliyekosewa. Hasira yako ni ya nafsi ya uongo." Nami nimebaki sijui kama ni mimi nisiyeelewa. – *Mke wa Asiyekuwepo*

JIBU: Unaelewa sana, dada. Jina ulilojipa limenichekesha, na barua imenikasirisha.

Muulize kwa upole uleule: huyo asiyekuwepo, akiitwa chakula, nani huitika? Ukimkanyaga kidole, nani husema "aa"? Mtu anayetoweka pale tu anapodaiwa hajavuka nafsi. Nafsi yake imepata maficho mazuri.

Na asikudanganye kwamba ndivyo wakuu walivyofundisha. Shankara mwenyewe alitofautisha ngazi mbili: ile ya ukweli wa mwisho, na ile ya shughuli na mahusiano ya watu, ambamo mke ni mke, deni ni deni na neno baya linaumiza. Kosa lililotendwa katika ngazi ya pili linaombewa radhi katika ngazi hiyohiyo. Nagarjuna, mwanafikra wa Kibudha aliyetangulia Shankara kwa karne kadhaa, aliandika kwamba ukweli wa mwisho haufundishwi bila kuegemea ule wa kawaida. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, John Welwood, aliona wanafunzi wa tafakuri wakitumia maneno ya juu kukwepa majeraha na wajibu wao, akaipa tabia hiyo jina, akaandika sana juu yake. Kwa hiyo mumeo si wa kwanza.

Halafu kuna hili ambalo wanaume wa namna hii hulisahau: kama kweli yote ni moja, machozi yako ni yake pia. Mbona anayatazama kama ya jirani?

SWALI: Mimi ni Muislamu, na rafiki ninayesoma naye mambo haya ni Mkristo. Tunavutiwa, lakini tunaogopa. Kusema "mimi ndiye Yeye" si kufuru? Wengine wanatuambia dini zote zinasema jambo moja, tusihangaike. – *Marafiki wawili*

JIBU: Hangaikeni kidogo, wanangu, ni afya. Ile kauli kwamba dini zote zinasema jambo moja husemwa zaidi na wasiosoma hata moja kwa makini. Advaita inasema ipo nafsi moja isiyo na pili. Buddha alifundisha kwamba ukikagua mwili, hisia, utambuzi, mielekeo na fahamu, hukuti popote cha kuitwa "hii ndiyo nafsi yangu". Wafuasi wa njia hizo mbili wamebishana karne nyingi, na hawakuwa wajinga. Hata ndani ya Vedanta, falsafa ya Upanishad ambayo Advaita ni tawi lake mojawapo, Ramanuja alimpinga Shankara, na Madhva akashikilia kabisa kwamba roho na Mungu ni wawili milele.

Katika Uislamu, al-Hallaj, sufi, aliuawa Baghdad mwaka 922, na kauli yake "Ana'l-Haqq", mimi ndimi Haki (jina mojawapo la Mungu), imebaki kwenye midomo ya watu mpaka leo. Lakini msimsome yeye peke yake. Msomeni Junaid wa mji huohuo: fana, kutoweka kwa mja, haikuwa kwake kituo cha mwisho. Baada yake mja hurudishwa katika uzima wa akili, anaswali, anaamiliana na watu, anatimiza sharia. Ibn Arabi, aliyezaliwa Murcia mwaka 1165 na kufariki Damascus mwaka 1240, ndiye anayehusishwa na fundisho la wahdatul-wujudi, kwamba kuwapo kwa kweli ni kwa Mungu peke yake. Sheikh Ahmad Sirhindi wa India akaja baadaye kusema: umoja huo ni wa anachokiona mwenye kushuhudia. Mja amezama kiasi cha kutoona kingine, lakini mja hubaki mja na Mola hubaki Mola. Hapo msomaji Muislamu ana pa kusimama bila kuruka mpaka.

Kwa rafiki yako Mkristo yupo Meister Eckhart, mtawa Mdominiko. Mwaka 1329, akiwa amekwisha kufariki, waraka wa Papa ulitaja kauli 28 zilizonukuliwa kwake: baadhi zikahukumiwa kuwa uzushi, nyingine kwamba zinasikika vibaya ila zinaweza kufafanuliwa vizuri. Naipenda tofauti hiyo. Kuna sentensi isemwayo na aliyetoweka, na kuna sentensi hiyohiyo isemwayo na mwenye kiburi. Kama maneno "mimi ndiye Yeye" yanawatia hofu, yaacheni, wala hamtapungukiwa. Kukagua ni nani anayesema "mimi" wakati wa hasira au wa kusifiwa hakuhitaji kauli hiyo.

SWALI: Mama, tangu nihudhurie mafungo ya ukimya najiona kama niko nyuma ya kioo. Mikono yangu kama si yangu, sauti za watu ziko mbali, sihisi kitu. Silali vizuri. Mwalimu anasema ndio mwamko, nivumilie. Naogopa. – *Nyuma ya kioo*

JIBU: Mwanangu, kwako sitaki falsafa. Simamisha tafakuri zote kuanzia leo, hata za muda mfupi. Unayoyaeleza, kujiona uko nje ya mwili wako, dunia kama si halisi, ganzi ya hisia, usingizi kuvurugika, ni hali madaktari wa afya ya akili wanayoijua. Huletwa na msongo, mshtuko, hofu kali, kukosa usingizi, bangi, na kwa baadhi ya watu tafakuri ya saa nyingi mfululizo. Umoja wanaouzungumzia wazee hauweki kioo kati yako na mkono wako.

Nenda kwa daktari wiki hii. Mweleze ulikaa kimya saa ngapi kwa siku, ulilala kiasi gani na kama ulitumia chochote, usimfiche kwa kuona haya. Mpaka umwone, kula kwa wakati, tembea, gusa maji ya baridi, kaa na watu wanaokupenda mkizungumza mambo ya kawaida. Wazo la kujidhuru likikujia, usingoje miadi. Mwambie mtu wa karibu saa hiyohiyo akupeleke hospitali. Mwalimu wako akiuliza kwa nini umeacha, mwonyeshe ukurasa huu.