Mhudumu wa afya akipanda mlimani kwenu, msimpe pole tu

Kipindupindu kilipotuingilia Mwanza mwaka 2015, nilikuwa nimepanga Mabatini, juu kabisa, kule bodaboda inakushusha chini halafu mawe yanakupokea. Mhudumu wetu wa afya ngazi ya jamii alikuwa jirani, tukimwita Dada Afya. Kila asubuhi alipanda na daftari lake na vidonge vya klorini.

Nami nilimfungia mlango. Mtaani walishasema vidonge ndivyo vinavyoleta ugonjwa, na nilikuwa na genge langu la nyanya la kulinda.

Siku ya tatu nikamkuta amekaa juu ya jiwe, kandambili imekatika, ameifunga kwa uzi wa nyavu. Kuna mtu alikuwa anahara na kutapika nyumba ya juu, na yeye simu haina salio la kuita usafiri. Posho ilikuwa bado. Nikampa simu yangu.

Kwa hiyo ushauri wangu huanzia kwenye salio. Mtumie vocha. Mpe maji ya kunywa na kikombe cha uji, maana anazunguka kutwa nzima na tumbo tupu.

Kubwa zaidi, tembea naye. Mgeni mwenye daftari hutiliwa shaka, ila akiongozana na muuza nyanya wao, watu hufungua. Nilitia kidonge kwenye ndoo yangu, nikasubiri nusu saa, nikanywa mbele ya majirani. Mama mmoja akacheka, akaleta ndoo yake.

Usimchimbe, lakini, akuambie nani anaumwa. Akianza kutoa siri za nyumba moja, nyumba zote zitafungwa.

Na akikataa kukupa mkono, usinune. Najua kwetu salamu bila mkono ni kama matusi. Ila Marburg, ugonjwa hatari unaoambukizwa kwa kugusana na mgonjwa, ulipotangazwa ng'ambo kule Kagera, Machi 2023, kati ya watu watano wa mwanzo waliofariki alikuwemo mhudumu wa afya. Mwambie tu "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ukiwa umesimama mbali, ataitika.

Kosa langu la pili: nilimnunulia kandambili mpya bila kumuuliza. Alishukuru sana, akampa binti yake. Mvua ilikuwa inanyesha, njia zetu zote ni utelezi na maji machafu. Alichotaka ni buti, namba 38. Nilizipata kwenye mtumba, moja imechubuka kisigino.