Damu ya kupima kiwango cha fenitoini: jibu kwa dada wa Mumias

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili. Kijana wako wa miaka 10 anatumia fenitoini, dawa ya kifafa, na bado anaanguka. Daktari ameandika apimwe kiwango cha dawa kwenye damu, na maabara ya hapo Mumias imesema itatoa damu tu, kisha itaituma Kisumu na pengine Nairobi. Unauliza kama aje bila kula, na kama damu haitaharibika njiani. Nimefanya kazi ya maabara huku magharibi miaka 14, kwa hivyo nitakujibu kwa niliyoyaona, likiwemo kosa langu mwenyewe.

Kula, ale. Chai na mkate havina neno. Asichomeza ni dozi ya asubuhi. Damu itolewe kabla yake, dawa ikiwa imeshuka chini kabisa, halafu ameze papo hapo. Kwa hivyo ibebe kwenye mkoba. Kama dozi ilibadilishwa juzi tu, kumpima sasa ni kupoteza pesa bure. Muulize daktari kama msubiri wiki mbili hivi dawa itulie mwilini.

Kwenye fomu, hakikisha imeandikwa saa ya dozi ya mwisho na saa ya kutoa damu, tena kwa mtindo wa 21:00. Usicheke. Kuna mama aliwahi kuandikiwa "saa 3", naye alimaanisha saa tatu usiku. Aliyeipokea huko mbali akasoma saa tisa za usiku. Saa 6 zikapotea hivyo hivyo, na majibu yakatafsiriwa kombo.

Sasa chupa, na hapa ndipo nina deni. Mwaka wangu wa tatu kazini, katika kliniki moja ndogo, nilimtoa damu fundi mmoja wa baiskeli aliyekuwa kwenye dawa hii hii. Ilikuwa Ijumaa jioni. Damu ilikuja kidogo, nikaitia kwenye chupa ya kofia ya manjano, ile yenye jeli chini, nikaizungusha kwenye mashine vizuri, nikaiweka kwenye friji ikiwa imekalia jeli yake hadi Jumatatu. Majibu yalirudi: dawa iko chini. Daktari akaongeza dozi, na kwa karatasi aliyopewa hakukosea. Baada ya wiki mbili kakake alimleta amemshika kwapani, anayumba kama mlevi, macho yanacheza, maneno yanavutika.

Jeli hunywa fenitoini. Damu ikiwa kidogo na ikikaa juu yake muda mrefu, ndivyo inavyonyonya zaidi. Tulimpima upya kwa chupa nyekundu isiyo na jeli, na kiwango kilikuwa kimepita 30, ilhali kinachotakiwa ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Ubaya wa dawa hii ni kwamba ini lina kikomo cha kuivunja. Fikiria kinu cha posho siku ya soko: kinasaga debe baada ya debe bila shida, lakini kikishafika mwisho wa kasi yake, ongeza watu wawili tu na foleni inafika barabarani. Ndiyo maana nyongeza ndogo ya dozi ilimwangusha mtu mzima. Alipunguziwa dawa, akapona, akarudi kwa baiskeli zake. Mimi tangu siku hiyo sigusi jeli kwa dawa za kifafa.

Kwa hivyo omba chupa nyekundu ya kawaida. Damu iachwe igande kama nusu saa, izungushwe, na yale maji ya juu yahamishiwe kwenye kichupa kingine siku hiyo hiyo. Hayo ndiyo yasafiri. Damu nzima isiwekwe kwenye friza ikawa barafu kamwe, chembe zitapasuka. Wengi huhangaikia barafu, lakini fenitoini iliyotengwa vizuri ni ngumu kuliko wanavyodhani. Mimi naogopa zaidi joto la buti la matatu saa nane mchana pale stendi ya Kisumu. Kichupa kifungwe kwa pamba ndani ya mfuko usiovuja, mfuko ndani ya mkebe mgumu, mkebe ndani ya kisanduku chenye pakiti za baridi, fomu ikae nje ya mfuko. Wewe usiibebe kwenye kikapu, hata wakikuambia. Sampuli za kupima wingi wa virusi vya UKIMWI, zinazoenda maabara za KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba) za Kisian au Alupe, zina njia yake iliyozoeleka. Hizi za dawa mara nyingi hazina, kwa hivyo uliza nani anaibeba na lini. Jumatatu hadi Jumatano ni salama. Ijumaa kataa.

Majibu yakija, angalia kizio kabla ya kushtuka: 15 ya miligramu kwa lita na 60 ya maikromoli kwa lita ni karibu kitu kimoja. Na kama kijana amekonda sana, mwombe daktari apime albumini pia, protini iliyo kwenye damu, kwa kuwa fenitoini nyingi hushikamana nayo, na ikipungua, namba ya jumla huonekana ndogo ilhali dawa inayofanya kazi inatosha.

Akianza kuyumba au macho kucheza kabla majibu hayajafika, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo bila kungoja karatasi. Ila usimkatizie dawa ghafla mwenyewe. Kifafa kinachofuata hapo huweza kukataa kukoma.