Jibu: Kuupanda mgunga wenye uyoga shinani

Ndugu yangu wa Chamwino, umeuliza kama ni salama kuupanda mgunga wenye mchwa na uyoga shinani ili ukate matawi yaliyolalia bati la jirani. Kwa maelezo hayo, mimi nisingeupanda. Mchwa hawanitishi sana, kwa kuwa aghalabu hula sehemu iliyokwisha kufa. Kinachonitia wasiwasi ni uyoga, ambao mara nyingi huonyesha kuwa mizizi inaoza ilhali majani juu bado ni ya kijani. Gonga shina kwa nyundo ya mbao ukilizunguka kuanzia chini: palipo pazima hutoa mlio mkavu, penye uwazi hulia kama ngoma. Wakaguzi wengi wa miti huanza kuhofu pale unene wa sehemu nzima inayozunguka uwazi unapopungua chini ya asilimia 30 hivi ya nusu kipenyo cha shina, na hapo hawajahesabu uzito wako wala mshtuko wa tawi linaponing'inia kwenye kamba. Mkanda wa usalama nao hausaidii ukifungwa kwenye mti huohuo unaoanguka. Kodisha gari lenye kikapu cha kumwinua mtu hadi kwenye matawi, lisimame kwenye ardhi ngumu, katika siku isiyo na upepo, ingawa siku hiyo hapa Dodoma ni ya kuvizia.